Mahali pa Mama Mkwe

Watu wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, wanasema Imakulata ana mdomo. Ninao, sikatai, na Mungu hakunipa wa kunywea uji tu. Asiyetaka kunisikia apite barabara ya juu.

Basi nasema wazi: nilimchukia mkwe wangu Nduwimana. Wasinisingizie kwamba ni kwa sababu babu zake walitoka Urundi wakaletwa kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Watu wa Ulyankulu nimesali nao, nimekula mihogo yao na maharage yao, na huyu mwenyewe kazaliwa huko huko, Kinyamwezi anakisema kuliko watoto wangu. Nilimchukia kwa sababu mwanangu alikwenda kuishi majini na yeye hakumzuia. Levina wangu ni muuguzi mkunga. Angeweza kufanya kazi hapa hapa Tabora, aje kwangu Jumapili, tule wali, tugombane kidogo, arudi kwake. Lakini alipangiwa kituo cha afya kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, kijiji kisichofikika kwa gari, na mume badala ya kusema hapana akafunga randa na misumeno yake akamfuata mkewe. Mwanamume gani huyo? Nilimwambia Levina aombe uhamisho. Akanijibu, "Mama, na wale wanawake wa kule nao wana mama zao." Nikanyamaza, maana ningemzaba kofi.

Huko majini walilala wajukuu zangu wawili. Wa kwanza aliondoka kwa ajili ya mkojo, na msinicheke. Levina alikuwa na mimba ya miezi sita, akapanda boti la abiria kutoka Kigoma, lile la injini lisilo na paa, wanaume wamejaa kila ubao, hakuna pa kujisaidia. Akabana kutwa nzima. Mtu mzima, msomi, muuguzi, akabana kwa haya. Alipofika alikuwa na homa ya njia ya mkojo, na siku chache baadaye mimba ikaharibika. Wa pili aliondoka kwa kipindupindu. Kituo kile kinavuta maji yake ziwani, kijiji kizima kinakunywa hayo hayo, na vyombo vinatia nanga pale pale mbele na kumwaga kila kitu. Levina aliugua akiwa karibu kujifungua. Yeye alipona.

Mara zote mbili nilifunga safari nilipopigiwa simu, na mara zote mbili nilikuta kaburi limeshafukiwa. Niliinama nikashika udongo tu. Kwa hiyo alipokuja likizo na mimba ya tatu, niliweka mkono juu ya tumbo lake nikaapa mbele ya Bikira Maria: huyu nitampokea kwa mikono yangu. Nitakwenda na Levina, nitakaa naye mpaka ajifungue, na atakayenizuia tutaonana.

Wa kunizuia alikuwepo. Ilikuwa mashua.

Nduwimana aliijenga kwenye kiwanja cha karakana yake, ukuta kwa ukuta na uwanja wangu. Alirudi nyumbani mwaka jana akasema anataka mninga wa huku, sio mbao za kule, akawa anakwenda kwa mkewe na kurudi. Mashua ndogo ya tanga, yenye kijumba cha kulala katikati. Kazi yake ingekuwa kuchukua dawa na wagonjwa wa kituo, na kumpeleka mkewe Kigoma na kumrudisha bila kupanda tena yale maboti ya abiria. Kituo kilikubali kwa sharti moja: chombo kitakachotia nanga mbele ya bomba lao la maji kisimwage ziwani hata tone. Watu wa Ng'ambo walikuwa wakipita kwenye ua na kuuliza gharika inakuja lini. Mashua Tabora! Bwawa lenyewe la karibu ukitaka kulifikia mpaka upate usafiri. Nilikuwa naona aibu, nikitoka sokoni napita uchochoroni.

Sasa lazima mjue jambo moja, ingawa aliyelelewa vizuri hahitaji kuambiwa. Mimi na mkwe wangu hatusemezani ana kwa ana. Nikipita, anageuka au anajificha. Hatuli pamoja, hatulali chini ya paa moja, na juu ya yote hatuendi choo kimoja. Hata neno lenyewe halitamkwi mbele ya mkwe. Tangu amuoe Levina sijawahi kumwambia neno mdomo kwa mdomo, na yeye hivyo hivyo. Heshima ni hiyo. Nikiwa na la kumwambia namtuma mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Modest.

Modest ni Mgogo, fundi bomba, mtani wetu. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli wakabaki. Mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Akiingia kwangu hapigi hodi, anafunua sufuria, anasema, "Mpagazi, leo umepika nini?" Na mimi namwambia, "Mla hongo, toa mkono wako humo." Maana zamani misafara ikienda pwani babu zetu ndio waliobeba mizigo kichwani, na babu zake waliketi njiani Ugogo wakidai hongo ndipo watu wapite. Hayo hayaishi. Wakati wa kumzika marehemu mume wangu, Kashindye, Modest alilala kaburini akasema hatoki mpaka alipwe.

Siku moja akaja karakana na choo kwenye mkokoteni. Nilikuwa uani kwangu nachambua mchele, nikaona kila kitu juu ya ukuta, ambao ni mfupi. Choo cheupe cha kukalia, kidogo, na ubavuni kina pampu ya mkono. Alisema kimetoka kwenye boti la kifahari lililokatwakatwa Dar.

"Unakaa," akasema, akakaa kweli, mbele ya watu. "Ukimaliza unapampu. Maji ya ziwa yanaingia, mzigo unaondoka, unakwenda kwenye tangi chini ya sakafu. Huoni, hunusi, hujui."

Mimi moyo ulinitulia. Huoni, hunusi, hujui! Ndicho nilichokuwa nakitaka. Kwa sababu tangu nilipoapa kwenda nilikuwa na swali ambalo sikuwa na wa kumwuliza: ndani ya kile kidude tungekaa mimi, mwanangu na mkwe wangu, siku mbili au tatu za maji kutegemea upepo, na mimi nitajisaidia wapi? Choo cha pampu angalau kinasafishwa. Mtu anayekuja baada yako hakuti kitu.

Levina alikuwa amesimama pale na tumbo lake, mkono kiunoni. "Tangi likijaa?"

"Linavutwa na gari la majitaka."

"Kijijini kwetu hakuna hata baiskeli. Hilo gari litapita wapi, juu ya maji?"

Modest akajikuna. "Basi kuna koki hapa chini. Ukifika katikati ya ziwa unafungua tu. Ziwa refu lile, nani atajua?"

Sijapata kumwona mwanangu vile. "Hiyo koki yako ndiyo iliyomuua mwanangu," alisema. "Kila mtu anasema nani atajua. Ondoa choo chako, Modest. Kikiwepo, siku moja mtu atafungua."

Nikaropoka kutoka kwangu, "Modest, mwambie Levina asiwe mjinga! Kiachwe hicho, koki izibwe!"

"Mama, koki ikizibwa tangi litafurika ndani tulale nalo," Levina akanijibu.

Modest akataja aina nyingine, sanduku la plastiki la kubeba mkononi, la kutia dawa ya buluu. Levina akauliza dawa ikiisha inanunuliwa wapi, na hayo maji ya buluu yanamwagwa wapi. Jibu likawa Dar, na la pili hakulijibu. Basi likaisha hilo.

Ndipo Nduwimana akasema. Hakuniangalia, aliusemesha ubao aliokuwa anaupiga randa. "Modest, kuna ya ndoo."

Levina akaeleza, maana yeye ndiye aliyekuwa ameifikiria na mumewe. Sanduku la mbao lililofungwa kabisa kwenye sakafu, lenye kiti. Chini ya kiti mbele kuna faneli, haja ndogo inapita kwenye mpira inakwenda kwenye dumu. Nyuma haja kubwa inadondokea kwenye ndoo. Ukimaliza unachota unga wa msumeno unafunika. Vikitengana hivyo havinuki, ndoo inakaa kavu, ina mfuniko wenye mpira, mawimbi hayaimwagi. Mkifika nchi kavu ndoo inakwenda shimoni, mbali na maji, inaoza inakuwa udongo. Hakuna pampu ya kuharibika, hakuna koki, hakuna wa kumwomba dawa.

"Na unga wa msumeno mnao hapa wa kutosha Tanganyika nzima," Modest akasema, akapiga teke lundo. "Lakini jamani! Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo bila kulalamika, leo mnakwenda kubeba mavi yenu mpaka Kigoma!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ndoo! Ndoo moja! Ya kwangu na ya mkwe wangu yalale pamoja, yamefunikwa unga kama vitumbua, halafu yeye, mwanamume aliyemuoa binti yangu, aibebe ndoo hiyo mkononi kwenda kuimwaga! Heri nife. Lakini ningesemaje? Neno lenyewe halitamkiki. Nikatafuta visingizio. Nikasema nzi. Nikasema harufu itamdhuru mtoto. Nikasema mtu mwenye karakana anashindwa kununua choo cha maana, anamfanya mwanangu mfungwa wa kulalia ndoo. Nilisema mengi, yote kwa sauti, yote kwa Modest, na randa ya yule bwana upande wa pili haikusimama hata kidogo. Ile ndiyo iliyoniudhi zaidi. Heri angenitukana.

Usiku wa siku ile Levina akaniambia kwa upole kwamba wameamua, ni ndoo. Nikajua nimeshindwa hapo. Nikajiambia nitabana, nitakula kidogo, sitakunywa maji, siku mbili si mwaka. Lakini kulikuwa na jingine. Nilikuwa nimechungulia kwenye mashua wakati Nduwimana hayupo, nikaona chaki aliyochora sakafuni: kitanda huku, kitanda huku, choo mbele kabisa, na karibu na mlango nafasi ambayo haijaandikwa kitu. Nikaingiwa na wasiwasi. Vitanda viwili, mume na mke. Mimi je? Huyu mtu anataka kuniacha!

Asubuhi nikamwita Modest. "Nenda kamwambie mkwe wangu kwamba nakwenda, apende asipende. Na asinisahau. Anitengee mahali pangu."

Nilimaanisha kitanda. Kitanda nacho hakitajwi kwa mkwe. Sasa ningesema nini, nitengenezee pa kulala? Mtu mwenye akili ataelewa.

Modest akaenda, akarudi anatabasamu meno yote. "Amesema amesikia. Amesema alikuwa anaogopa kukuuliza. Atakutengea, tena pazuri."

Nikashangaa kidogo. Nikasema kumbe ana utu huyu, japo mdogo.

Kazi ikaendelea. Likizo ya Levina ilikuwa inakwisha, na dereva mmoja wa lori linalofuata chumvi Uvinza alikubali kuibeba mashua mpaka Kigoma maana lori lilikuwa linakwenda tupu. Tungepita Urambo, Kaliua, njia ile ile ya wapagazi, ila sisi tumekaa. Mimi nilishafunga furushi langu: kanga za kumpokelea mtoto, mafuta, asali ya kumpa mzazi. Nikaaga jumuiya nzima. Nikaaga na wale nisiowapenda, ili wajue nakwenda.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, Modest akaja mlangoni. "Mtani, unaitwa. Mkweo anasema mahali pa mama pako tayari, uje upaone."

Nilivaa kitenge kizuri. Nilipofika karakana Nduwimana alizunguka nyuma ya mashua kama inavyotakiwa, nikaona miguu yake tu chini. Nikapanda ngazi, Modest nyuma yangu. Ndani kulinukia mninga mpya, nilipapenda, sisemi uongo. Kitanda kushoto, kitanda kulia, magodoro yameshawekwa. Mbele kabisa, nyuma ya pazia, lile sanduku la choo. Nikageuka nitafute cha kwangu. Karibu na mlango, pale palipokuwa hapana kitu, palikuwa na kijumba kidogo chenye mlango na komeo lake.

"Hapo," Modest akasema. "Ndipo mahali pako. Fungua!"

Nikafungua. Sanduku. Kiti. Faneli. Ndoo.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapo hapo! Ndivyo alivyosema: mahali pa mama. Mpagazi umetawazwa leo, kaa kwenye kiti chako cha enzi!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sikumbuki nilisema nini kwanza. Najua niliona giza. Vitanda viwili vyao, na mimi nimetengewa choo! Mimi niliyemzaa Levina, mimi mke wa Kashindye, nimeagwa na jumuiya nzima, mahali pangu kwenye chombo cha mkwe ni chooni! Tezo ya kuchongea mbao ilikuwa pale sakafuni. Niliishika nikaishusha kwenye kile kiti. Kikapasuka. Nikaishusha tena. Faneli ikaenda vipande, ndoo ikatoboka, kile kimlango kikang'oka. Modest hakuwa anacheka tena, alikuwa anasema, "Mtani, mtani, hasira hasara!" Nikamwambia atoke au itamshukia yeye.

"Mwambie!" nilipiga kelele. "Mwambie mimi si mavi yake! Mwambie makaburi mawili sikuyawahi, na safari ya tatu anataka nisiende kabisa, basi aseme kwa mdomo wake kama ni mwanamume!"

Aliyekuja ni Levina. Alipanda ngazi taratibu, anahema, akatazama vile vipande, akanitazama mimi na tezo mkononi. Akakaa kwenye kitanda cha kushoto.

"Mama, vitanda viwili hivi vya nani?"

"Vyako na mumeo! Unaniuliza nini?"

"Nduwimana alale humu ndani? Na wewe umo?"

Nikavitazama tena vile vitanda viwili.

"Tangu lini Nduwimana amelala chini ya paa moja na wewe? Kwenye msiba wa baba alilala wapi?"

Alilala karakana. Masika yalikuwa yamechachamaa na paa linavuja, watu walimwambia aingie hata jikoni, akakataa kwa sababu mama mkwe yumo. Mimi mwenyewe nilimsifia siku ile, moyoni.

"Kile cha kulia ni chako," Levina akasema. "Yeye atalala nje kwenye usukani, na turubai. Hakuna cha kuambiwa hapo, mama, wewe ndiye uliyetufundisha. Halafu akapata taabu na choo. Akasema mama hawezi kukaa ninapokaa mimi. Hata kuniambia mimi alikuwa anaona haya, aliniambia gizani. Ndipo ukaleta maneno kwamba utengewe mahali pako. Akafurahi! Akasema mama amenisaidia kulisema. Ile faneli ya pili ameiagiza Dar, imefika juzi. Na ndiyo hiyo."

Nilikuwa bado nimeshika tezo. Mimi ninayejua mila kuliko Ng'ambo yote, ninayewakemea mabinti za watu wanaopita mbele ya wakwe zao, chuki ilinifanya nihesabu vitanda kama mtu asiye na kwao. Nikasema, "Kitatengenezwa kingine."

"Lini? Lori ni kesho asubuhi. Faneli hakuna."

"Basi nitabana."

Hapo ndipo mwanangu alipoinuka. Sikutegemea. "Utabana!" akasema. "Mimi nilibana, mama. Kutwa moja tu. Unajua nilichokizika kwa sababu ya kubana? Wewe na sukari yako na umri wako, siku tatu? Utafika una homa, nikuuguze wewe nijiuguze mimi, nizae? Hapana. Utabaki."

"Levina."

"Utabaki, mama. Choo kimebaki kimoja na ni cha mwanamume ambaye huwezi hata kumwita jina. Sitaki tena mtu wa kuniletea haya kwenye chombo hiki. Haya imeshaniulia mmoja."

Akashuka. Nilibaki mle ndani mpaka Modest akaja kuitoa tezo mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita mpagazi.

Sikula, wala usingizi sikuupata. Nilimchukia kila mtu: Modest na kicheko chake, Levina na jeuri yake, na mkwe wangu kuliko wote, kwa sababu alikuwa amenifanyia heshima na mimi nimeivunja kwa tezo, na mtu aliyekutendea hivyo unamtazamaje? Angekuwa mbaya ningepumzika. Nikafikiria kaburi la tatu. Nikafikiria tena mtoto analia kule na anayemwogesha ni mtu baki. Nikasema loo, Imakulata, heshima yako itakupikia uji?

Kulipokucha, Ng'ambo yote ilikuwa kiwanjani kuona safina ikipanda gari. Mashua ilikuwa imeshawekwa juu ya lori, wanafunga kamba. Levina ameshakaa kwenye kabini karibu na dereva, macho yamevimba. Nilitoka kwangu na furushi langu kichwani. Watu wakanipisha. Sikwenda kwa Levina. Nilikwenda moja kwa moja alikosimama Nduwimana, akikaza kamba ya nyuma.

Aliponiona akageuka kuelekea tairi akashusha kofia usoni, kama inavyotakiwa. Nikaenda nikasimama upande huo huo. Nikasikia mama mmoja nyuma akisema, "Yesu!"

"Nduwimana," nikasema.

Yeye mkono ulisimama kwenye kamba.

"Nimevunja choo. Kilikuwa changu, umenitengenezea kwa heshima, nikakivunja. Nilitaka kitanda. Sasa kimebaki kimoja, na mimi nataka kwenda kumpokea mtoto wa Levina."

Alitazama huku na huku akitafuta pa kukimbilia. Akamwona Modest. "Modest, mwambie mama apande. Mwambie kilichobaki ni chake na Levina. Mimi mwanamume, nitakuwa nje, sitakosa pa kwenda. Ziwa ni kubwa."

Hapo hasira yangu yote ikarudi, na asante Mungu ilirudi, maana bila hiyo nisingeweza kusema niliyoyasema. Nilitua furushi chini.

"Ziwa ni kubwa! Na wewe unasema hayo? Sisemi na Modest, nasema na wewe! Ukichuchumaa nje ya mashua hii hata mara moja, nitakusukuma mwenyewe uzame na kofia yako. Mjukuu wangu atakunywa yale maji! Hutakwenda nje, na mimi sitabana. Utakaa nilipokaa, nitakaa ulipokaa. Mavi yangu na mavi yako yatalala ndoo moja, nami nitafunika kwa unga na wewe utafunika kwa unga, na ndoo ikijaa tutaishika wote wawili kuipeleka shimoni. Mtoto wa tatu hafi kwa sababu mimi na wewe tunaoneana haya. Umenisikia?"

Hakuna aliyecheka.

Nduwimana aliinua kofia. Alinitazama usoni, na mimi nikamwona vizuri: kijana mwenye macho mekundu aliyekesha kama mimi, mwenye mvi moja moja kwenye ndevu, ambaye naye alikuwa na watoto wawili kule kwenye udongo, nami sikuwahi kumpa pole.

"Nimesikia, mama," akaniambia mimi.

Nikaokota furushi langu, nikamwambia asogee nipite.